Kadi za Kabatini

Saluni yake ilikuwa chumba kimoja cha kupanga mbele ya barabara, chenye viti viwili vya plastiki, kioo kilichopasuka pembeni na draya ambayo ikiwashwa taa zilififia. Watu walimjua kwa mikono yake. Akikusuka, kichwa hakiumi, na nywele zinakaa mpaka wewe mwenyewe uchoke nazo. Lakini baadaye jina alilopewa halikuhusu nywele hata kidogo. Walimwita Mama Kadi.

Ilianzia palepale saluni. Mteja mmoja, karani wa benki, alikuwa amekaa chini ya draya huku mtoto wa mteja mwingine akichezea sakafuni kadi za wahusika wa katuni, zile zinazouzwa dukani kwenye pakiti za kung'aa. Karani akainama, akaokota moja yenye picha ya mwanamke mwenye nywele za umeme, akaigeuza-geuza kwenye mwanga. Kisha akamwambia mama wa yule mtoto kwamba angemnunulia mwanawe viatu vipya vya shule kama wangemwachia ile kadi. Mama yule alicheka mpaka akashika tumbo, akidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Viatu vilinunuliwa jioni ileile.

Msusi hakucheka. Aliendelea kusuka, lakini masikio yalikuwa kwa karani. Alipobaki naye peke yake akamuuliza, "Dada, kikaratasi kile una mpango gani nacho?"

"Nakiweka," karani akasema. "Kila toleo likiisha hawachapishi tena. Kila mwaka wanaokitaka wanaongezeka, na vyenyewe vinapungua. Watoto wanavichana, wanavimwagia chai. Wewe vitunze tu, uone."

Basi akaanza. Alinunua pakiti moja moja, kisha boksi zima kwa mwenye duka la jumla. Alijifunza kutazama pembe za kadi kama anavyotazama mstari wa nywele: ukiwa umepinda kidogo tu, jicho linaukataa. Kadi nzuri hakuigusa usoni, aliishika kwa kingo zake, akaitia kwenye mfuko laini, kisha kwenye kasha gumu la plastiki. Mauzo ya mwanzo yalimpa draya mpya. Baada ya hapo akaacha kuuza. Alisema hiyo ndiyo pensheni yake, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona msusi akilipwa pensheni.

Mumewe alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, mtu wa kurudi nyumbani kama mgeni. Aliposikia habari za kadi kwenye simu alisema tu, "Wenzako wananunua viwanja, wewe unanunua vikaragosi." Lakini hakumkataza. Nyumbani msusi aliishi na mama mkwe wake, mwanamke mnene wa magoti mabovu aliyependa kuongea na redio kana kwamba ingemjibu. Walipatana. Mama mkwe alimwita mwanangu, naye alimwita mama, na hakuna aliyekuwa akijilazimisha.

Kadi zilikaa chumbani kwa msusi, kwenye droo ya chini ya kabati, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Dirisha la chumba alilifunga kabisa, akatundika pazia zito ili jua lisichujue rangi.

"Hao watoto wako wa plastiki wanalala pazuri kuliko mimi," mama mkwe alimtania. "Mimi nikiomba pazia naambiwa hela hakuna."

Kulikuwa na kundi la wakusanyaji kwenye simu. Humo watu walionyeshana kadi, wakapongezana, wakaoneana wivu kidogo. Msusi naye siku moja akapiga picha kadi zake bora, akazipanga juu ya kitanda, akazituma. Pongezi zikamiminika. Alijisikia vizuri. Miaka yote watu walisifia kazi yake ikiwa kwenye vichwa vyao. Hiki kilikuwa chake.

Siku ya pili akaandikiwa na mtu waliyemwita Daktari. Hakuwa daktari wa watu. Alikuwa hodari wa kukagua kadi na kusema ipi ina thamani na ipi haina, na kazi hiyo aliifanya bure, kwa mapenzi tu, hivyo ndivyo ilivyosemekana. Akaomba kuja kuziona.

Alikuja amevaa shati lililopigwa pasi vizuri, akavua viatu mlangoni, akamwamkia mama mkwe shikamoo kwa kuinama. Alimuuliza habari za magoti. Akakaa naye sebuleni muda mrefu kuliko ulivyohitajika, akamsikiliza, na mama mkwe, ambaye siku nzima huwa na redio tu, akafunguka kama maji ya bomba. Alimweleza siku za kwenda kliniki, alimweleza mwanawe anarudi lini na lori, alimweleza mkwewe anatoka nyumbani saa ngapi.

Kisha Daktari akaingia chumbani, akavaa glavu nyembamba, akatoa lenzi. Alizishika kadi kwa namna iliyomfurahisha msusi. Huku akikagua, aliuliza mambo. Chumba kinapata jua upande gani? Dirisha hili ukilifungua linatokea wapi? Unyevu unaingia kutoka bafuni? Mlango wa nyuma unafungwa kwa komeo au kwa kufuli? Yote yalikuwa maswali ya mtu anayejali kadi. Msusi akajibu yote.

"Dada, una hazina hapa," akasema alipomaliza. "Usiziuze. Zitunze vizuri."

Alipoondoka, mama mkwe alisema, "Kijana ana malezi yule. Sijui kama bado wanazaliwa wa hivyo."

Wiki hazikupita nyingi. Kwenye kundi mwalimu mmoja wa hesabu akaandika kwamba ameibiwa. Waliingia kwa dirisha la bafuni yeye akiwa darasani. Televisheni hawakuigusa, wala kompyuta, wala saa ya mkewe iliyokuwa mezani. Kadi tu. Droo nyingine hazikufunguliwa hata moja.

Pole zikamiminika kama zilivyomiminika pongezi. Ya Daktari ilikuwa ndefu kuliko zote.

Msusi alimpigia mwalimu. Baada ya pole akauliza, kana kwamba anauliza la kupitisha muda, kama kuna mtu yeyote aliyewahi kuziona zile kadi nyumbani kwake.

"Hakuna," mwalimu akasema. "Labda Daktari. Alikuja mwezi uliopita kunikagulia. Mtu mwema sana."

Msusi alikuwa katikati ya kumsuka mteja, na mteja akamuuliza kwa nini ameacha.

Siku hiyohiyo alirudi nyumbani mapema. Alisubiri mama mkwe aingie kuoga, akazitoa kadi zote kabatini, akazifunga kwenye kanga ya zamani, akazipeleka saluni. Huko akazizika ndani ya katoni ya nywele za bandia, zile nyekundu ambazo hakuna mteja aliyewahi kuzitaka. Droo aliiacha na vile vipakiti vya unyevu peke yake. Hakumwambia mtu. Mama mkwe hasa hakumwambia. Anaongea na kila anayepita, alijiambia, na asichokijua hawezi kukisema. Aliona amefanya la busara, na kwa siku kadhaa alilala usingizi mzuri.

Walikuja asubuhi, jua likiwa limeshatoka vizuri, barabara imejaa watu. Wanaume wawili wenye sare za mafundi wa maji. Walibisha hodi, wakasema kuna bomba linavuja chini ya nyumba. Mama mkwe akawafungulia, akawaambia waangalie zulia wasiteleze.

Hawakwenda bafuni. Walikwenda moja kwa moja chumbani, kwenye kabati, kwenye droo ya chini.

Fundi baiskeli wa jirani ndiye aliyemkuta, baada ya kusikia redio ikipiga kelele kupita kiasi. Alimpigia msusi, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayechagua maneno. "Shemeji, njoo nyumbani. Mama ameumia. Yuko hai, lakini njoo."

Hospitalini mama mkwe alikuwa amelala na mkono wa kulia umefungwa kuanzia vidole mpaka kiwiko. Uso ulikuwa umevimba upande mmoja. Msusi akakaa pembeni mwa kitanda.

Mama mkwe ndiye aliyeanza. Aliongea taratibu, kama mtu anayejaribu kuwa mkweli kwa karani wa mahakama.

"Waliniuliza ziko wapi. Nikawaambia ziko kabatini. Kwa sababu ndiko ziliko, si ndiyo? Wakasema kabatini hakuna kitu. Nikawaambia angalieni tena. Wakaona nawachezea. Mwanzo waliniita mama. Walinivutia kiti. Yule mmoja aliniongezea sauti ya redio, nikadhani ananifurahisha. Kisha akanishika kidole."

Msusi akainamisha kichwa.

"Ulizihamisha," mama mkwe akasema. Haikuwa swali.

"Nilizihamisha, mama. Niliogopa."

"Ungeniambia ziliko."

"Nilitaka usiwe na la kuwaambia."

"Ningewaambia," mama mkwe akasema. "Kidole cha kwanza tu ningewaambia, wakaenda zao. Sikuwa na la kuwaambia, mwanangu. Ndiyo maana walifika mpaka kwenye kifundo cha mkono."

Akageuza uso ukutani. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa zito kuliko hasira.

Polisi aliyeandika kesi alisikiliza habari za Daktari mpaka mwisho. "Aliingia kwa hodi, akaangalia, akaondoka," akasema. "Alichukua nini?" Kwenye kundi msusi alikuwa ameandika tu kwamba nyumba yake imevamiwa. Habari za mama mkwe hakuzigusa. Jioni ujumbe ukaingia kutoka kwa Daktari. *Pole sana dada. Mkono wa mama unaendeleaje?*

Aliusoma akiwa amesimama koridoni hospitalini, kisha akautazama mlango wa wodi, na watu waliokuwa wakiingia na kutoka na vyombo vya chakula. Mmoja mmoja aliwatazama nyuso. Alimpelekea polisi ule ujumbe. Polisi akakuna shingo, akasema huenda amesikia kwa majirani, lakini watamwita. Walipompigia, simu ilikuwa imezimwa.

Mumewe alirudi na lori lake, akaenda kwanza kwa mama yake, kisha akaja saluni. Hakugombana. Alisimama mlangoni, akauliza, "Ziko hapa?" Msusi akaashiria katoni. Mume akaitazama kwa muda mrefu kama vile kuna mtu ndani yake. "Ondoa," akasema, akatoka.

Aliziuza zote kwa karani wa benki, kwa bei ya harakaharaka, mchana, saluni ikiwa imejaa wanawake makusudi ili kila mmoja aone zikiondoka. Kwenye kundi akaandika kwamba hana hata moja. Mama mkwe alipotoka hospitalini hakurudi nyumbani pale. Alikwenda kukaa kwa binti yake. Aliaga vizuri, akabusu paji la uso la mkwewe, lakini redio akaiacha.

Kwenye kundi msusi hakutoka. Alibaki humo kimya, akisoma tu. Na miezi ilipopita, namba mpya ikaingia, ya mtu mpole, mwenye adabu, aliyejua sana kukagua pembe za kadi. Ikafuata picha kutoka kwa mshonaji mmoja asiyemfahamu: kadi zimepangwa juu ya kitanda, nyuma yake kabati limeonekana lote mpaka vishikio vya droo. Yule mpole akampongeza, akauliza kama anaweza kufika kuziona.

Msusi aliyaona hayo kesho yake saluni, akampigia mshonaji palepale, mteja akiwa na kichwa kilichosukwa nusu.

"Dada, naomba nikupigie baadaye," mshonaji akasema kwa furaha. "Nina mgeni. Yupo sebuleni anaongea na mama yangu."

"Sikiliza bila kuuliza kitu," msusi akasema. "Sema tu ndiyo au hapana. Amekuja na glavu?"

"Ndiyo. Kwani—"

"Mwache aangalie. Usimpinge, mpe chai. Akiondoka tu, zitoe ndani ya nyumba leo hii. Na mama yako mwambie ulikozipeleka. Mwambie kila kitu, halafu mwambie watu wakija awaambie ziliko bila ubishi. Umenielewa?"

Upande wa pili, kwa mbali, mwanamke mtu mzima alikuwa akicheka, akimweleza mtu habari za siku zake za kliniki.

"Ndiyo," mshonaji akasema, kwa sauti ambayo haikuwa na furaha tena, na simu ikakatika.

Msusi aliiweka simu mapajani. Mteja alimwangalia kwenye kioo, akauliza kama wanaendelea au arudi kesho.