Msomaji wa Wino wa Kijani

Mimi sipendi mtu anayekunja ukurasa. Nimeandika hivyo mlangoni kwa herufi kubwa, na bado watu wanakunja. Duka langu ni chumba kimoja kati ya kinyozi na mshona viatu. Nakodisha riwaya, vitabu vya katuni, na sinema na tamthilia za kwenye diski kwa wale ambao mashine zao bado zinazungusha. Wateja huniita Mama Vitabu. Nikiwapa kisogo huniita Mama Makelele, nimewasikia.

Kila kitabu na kila diski ina karatasi ya mistari niliyoigandisha nyuma. Ukirudisha, unaandika umeonaje. Sitaki uchambuzi wa profesa. Niambie kama ulicheka, kama ulilala. Usipoandika hupewi kingine. Mwanzoni utaratibu huo ulinitia aibu, maana karatasi zote zilirudi na neno moja tu: nzuri. Nzuri, nzuri, nzuri! Kila mtu aliogopa kuwa wa kwanza kusema neno la maana. Basi nikachukua kalamu ya wino wa kijani, nikajipa jina la Msomaji wa Dirishani, nikaanza kuandika mwenyewe ili niwachokoze. Ndivyo nilivyojipalia makaa.

Aliyejibu ni mwanamke mmoja mpiga pasi. Anafanya kazi mahali wanapofua mashuka ya hospitali. Ana miaka arobaini na kitu, mrefu, mikono ina alama za kuungua mpaka kwenye viwiko, anaishi na mama yake. Kwenye karatasi alijiita Mvuke. Dukani hakuwa na maneno: anaingia, anasalimu, anachukua, anaondoka. Nami, sijui kwa nini, kazi yangu ilikuwa kukagua kurasa na kumnunia.

"Hiki kina alama ya maji."

"Ni mvuke, mama. Nasoma wakati wa mapumziko, karibu na pasi."

"Basi kaa mbali na pasi."

Uso kwa uso tuliongea hivyo miaka mitatu.

Lakini kwenye karatasi, loo! Kulikuwa na riwaya ya mwanamke anayemngoja mumewe kituo cha treni kwa kurasa mia tatu. Niliandika kwa kijani: "Ningekuwa mimi ningerudi nyumbani nikapike. Akifika, pua itamwonyesha njia." Yeye akaandika chini yake: "Wewe hujawahi kungoja mtu. Ukiondoka ndiyo umekubali kwamba haji." Nilikaa kitako. Tamthilia ya madada wawili wanaogombea nyumba ya baba yao, mimi nilimtetea mkubwa, yeye akamtetea mdogo, tukabishana diski sita nzima. Katuni ya askari mnene anayeogopa mbwa tuliicheka mpaka karatasi ikajaa, nikagandisha nyingine. Nasema wazi: nilimpenda yule mwanamke. Tangu mume wangu afariki sikuwa na mtu wa kuniuliza nimeonaje. Nikifungua duka asubuhi, kitu cha kwanza ni kutafuta mwandiko wake.

Siku moja akaandika: "Wewe kaka una maneno." Kaka! Ningemsahihisha pale pale, yakaisha. Sikumsahihisha. Nilicheka, nikasema ah, ni mchezo tu.

Sasa sikia. Nina mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba wa mama yetu, fundi bomba. Ana miaka arobaini na tano, mkewe alimwacha zamani, na hajawahi kumaliza kitabu tangu azaliwe. Sinema ndiyo usiseme, humlaza kabla majina hayajamaliza kupita. Akaitwa kuziba bomba kule wanakofua mashuka, akarudi kwangu ameloa mpaka magotini, macho yanang'aa.

"Dada, kuna mtu kule anapiga pasi huku anasoma."

"Huyo anaunguza mashuka."

"Haunguzi hata moja. Nimemtazama saa nzima."

Nikajua kazi ipo.

Nilimsaidia, au nilijidai kumsaidia. Nilimwambia achukue sinema, aandike maoni, Mvuke atayaona. Akachukua ile ya mjane aliyepatana na mwanawe baada ya miaka ishirini. Watu wazima wameililia sinema hiyo. Mdogo wangu akaandika: "Nzuri. Bomba la jikoni kwao linavuja toka mwanzo hadi mwisho na hakuna aliyeligusa." Mvuke akajibu chini: "Huyu ametumwa na watu wa maji?" Basi mdogo wangu alifurahi! "Amenijibu, dada! Amenijibu!"

Na mimi mkono huu ukaniwasha. Nilitaka Mvuke acheke nami, si na mwingine, hata kama huyo mwingine ni damu yangu. Nikaandika kwa kijani: "Mwacheni. Huyo hata siku ya kuzikwa atakagua jeneza kama linavuja." Mvuke akachora vikaragosi vitatu vinavyocheka. Mdogo wangu aliisoma pale pale kaunta, akacheka na yeye. Akaniuliza huyu wa kijani ni nani, mbona ana akili hivi? Nikamwambia wateja ni wengi, siwezi kuwajua wote. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Lakini hakukata tamaa. Alikwenda mwenyewe, mchana kweupe, akamwambia Mvuke mbele ya rundo la foronya kwamba anataka kumwoa, na kama hataki aseme tu, mabomba yao atayatengeneza vilevile. Mvuke akaomba nafasi ya kufikiri mpaka Ijumaa.

Ijumaa saa sita mchana akaingia dukani kwangu. Hakwenda kwenye rafu. Alikaa kwenye benchi, mkoba juu ya mapaja.

"Mama, nina jambo. Yule wa wino wa kijani huja siku gani?"

"Wa nini?"

"Nimwone tu. Mdogo wako ameniposa. Ni mtu mwema, mama yangu anamtaka, na mimi nikiwa naye sichoki. Lakini kuna mtu ananijibu huu mwaka wa tatu. Nikimkubali mdogo wako kabla sijamwona huyo, nitakuwa namdanganya."

Unaona mtu huyo? Hata shaka yake ilikuwa na heshima. Mimi nikatafuta njia ya mkato.

"Amehama," nikasema.

"Lini?"

"Mwezi uliopita."

"Mbona juzi ameandika kwenye kile cha mwalimu wa kuogelea?"

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikufika hata mlangoni. Akasema basi, atangoja. Na akangoja kweli. Akaingia mwalimu mstaafu, Mvuke akamtazama vidole kama vina wino. Akaingia mwuza simu, akamtazama vilevile, naye mwuza simu akajiweka vizuri kola. Nilistahimili robo saa, sikuweza zaidi. Nikafikiri: nikisema ukweli, yule wa kijani anakufa, uwanjani anabaki mdogo wangu peke yake. Naapa ndivyo nilivyofikiri. Nikatoa kalamu kwenye droo, nikaandika kwenye kipande cha karatasi: "Ni mimi. Nisamehe." Nikamsogezea.

Alisoma, akacheka kidogo. Kisha akautazama ule mwandiko, herufi moja moja, kicheko kikaisha.

"Wewe? Wewe unayeninunia?"

"Mimi."

"Nimekuandikia mambo ambayo hata mama yangu hayajui."

"Najua. Nimeyatunza yote."

"Na ile ya jeneza? Uliyaandika hayo juu ya ndugu yako wa tumbo moja?"

Nikairudisha kalamu kwenye droo. Akasimama.

"Mwambie ndugu yako sitaki."

"Jamani! Yeye ana kosa gani? Hajui lolote! Nikasirikie mimi, nitukane, mwache yeye!"

"Hana kosa. Nilikuwa nimeshaanza kumkubali moyoni. Lakini nikiolewa naye, wewe ndiye wifi yangu. Utakuja kwangu, utakaa, utanichekea, na mimi sitajua ni nani aliyekaa pale."

Nilimshika mkono. Aliutoa polepole, kama mtu anayenasua nguo kwenye msumari, akatoka. Nilimfuata mpaka kwa kinyozi na ndala zangu, watu wananitazama, namwita, hageuki. Nikarudi. Mchuma janga hula na wa kwao, na langu nilikuwa nimeshampakulia mdogo wangu sahani nzima. Ningefanya nini? Nilipanga rafu iliyokuwa imeshapangwa.

Saa saba mdogo wangu akaja. Amenyoa, amevaa shati jipya, mikunjo ya dukani bado imo kifuani. Mkononi ana riwaya nene ya daktari wa mifugo na farasi mzee, ambayo sikujua hata aliichukua lini.

"Dada, nimekimaliza! Chote! Yule farasi, dada... mimi mtu mzima nimelia chini ya sinki la watu, mwenye nyumba akadhani nimeumia."

"Haya, andika."

"Siandiki. Hili nataka nimwambie yeye kwanza, kwa mdomo." Akachungulia nyuma ya rafu. "Amepita?"

"Amepita."

"Amesemaje?"

Nilimtazama mdogo wangu. Nikasogeza pembeni mkoba wake wa spana aliouweka kwenye benchi, nikampa nafasi ya kukaa.

"Kaa kwanza," nikamwambia. "Nieleze habari za huyo farasi."

Akakaa, akaanza kunieleza toka ukurasa wa kwanza.