Kadi ya Laptopu Juu ya Meko

Laptopu yangu ni nzito. Wenye za kisasa huzishika kwa vidole viwili kama chapati. Yangu ukijaribu hivyo utateguka mkono. Ni mashine ya kazi, ya aina ile wahandisi na wachoraji hupewa na ofisi zao, nami niliinunua ikiwa imeshamtumikia mtu mwingine huko ng'ambo. Nyumbani kwangu Majimbo, pale Embu mjini, inakaa mezani mchana kutwa ikinguruma, nami nachora nyumba za watu. Wanaonicheka na wacheke. Nina sababu ya kuishukuru mashine hii, na sababu yenyewe iko kijijini Kiirua, kwa mama.

Mama alikuwa ameteleza jikoni msimu wa mvua. Hakuvunjika, Mungu ni mwema, lakini goti lilibaki likimsumbua, na nyumba yake ya mbao ilikuwa imeoza chini, upepo wa mlimani unaingia bila hodi. Sisi watoto wake tukaongea kwa simu. Kaka yangu mkubwa, ambaye hata akiomba chumvi huongea kama chifu kwenye baraza, akakata shauri: mama ahamie kwangu Embu, akae karibu na hospitali, mambo yaishe. Mama alipoambiwa alijibu neno moja tu, "Sawa."

Mimi naijua sawa ya mama. Ndiyo aliyompa daktari aliyemkataza kubeba kuni, na siku hiyo hiyo nikamkuta na mzigo mgongoni. Lakini hii ya sasa haikuwa na ubishi ndani yake, na hilo ndilo lililonitia hofu. Majimbo nina vyumba viwili na kibaraza cha kuanikia nguo. Mwanamke aliyelima viazi tangu ujana wake, pale angepalilia nini, ndoo? Angenyauka mbele ya macho yangu, na mimi ndiye ningekuwa nimeshika jembe lililomng'oa.

Basi nikachora nyumba. Ndogo, ya mawe, pale pale shambani kwake, isiyo na ngazi hata moja, choo ndani, jiko la kuni lenye bomba la kutoa moshi na sakafu isiyoteleza. Nikawapelekea ramani ya karatasi. Ilikuwa aibu. Kaka aliigeuza juu chini, akauliza kama choo ni kabati. Mama aliikunja vizuri, akashukuru, akaiweka chini ya Biblia, kisha akaniuliza kama nimekula. Hapo nikaelewa kwamba hawa watu ni lazima waingie nyumba yenyewe kwa macho, waitembee mlango hadi mlango kwenye kioo cha kompyuta. Kaka akanipa nafasi moja. Angekuja Kiirua Jumapili baada ya kanisa, na gari la kumchukua mama. Kama nina cha kuonyesha, nionyeshe siku hiyo; kama sina, mama anaondoka naye.

Ala! Na hapo ndipo laptopu ikaamua kunivua nguo hadharani. Kila nilipoingia jikoni mwa ile nyumba, kioo kilijaa mistari ya rangi, kuta zikaruka vipande vipande, halafu mashine ikazimika. Kadi ya grafiksi, ile sehemu inayochora picha, ilikuwa imezeeka na imechoka. Katika laptopu nyingi kadi hiyo imegandishwa kwenye bodi kuu, ikifa umekwisha. Katika hizi nzito kadi ni kibao kidogo unachoweza kukichomoa ukaweka kingine. Huyo aliyeamua hivyo huko kiwandani, popote alipo, Mungu amzidishie. Nikapata muuzaji Nanyuki mwenye kadi ya nguvu zaidi inayoingiana na mashine yangu. Kwa kuwa Kiirua iko kwenye barabara ya Nanyuki, na nilikuwa naenda huko hata hivyo, nikamwambia aitume kwa mama. Ningeibadilisha pale pale kwake Jumamosi.

Nikampigia mama simu. Nikaongea Kimeru, maana mambo mazito huwa simwambii kwa lugha nyingine. Kuna kitu kinakuja, nikamwambia, ni cha thamani, kisiguswe na maji wala unyevu. Kitunze kama mbegu.

Sijui nani alinituma kusema mbegu.

Jumamosi nilifika, nikanywa chai, nikauliza mzigo wangu uko wapi. Mama alinipeleka jikoni akanyoosha kidole juu. Juu ya meko, kwenye dari ya fito ambako huweka mahindi ya mbegu ili moshi uyakaushe na kufukuza wadudu, katikati ya mahindi, ilikuwa imelala kadi yangu. Uchi. Bila mfuko wake, bila sanduku, nyeusi kama sufuria ya githeri.

"Mama! Umefanya nini?" Nilipiga kelele hadi kuku wakatoka mbio.

"Kai! Si ulisema kama mbegu?"

"Na mfuko wake?"

"Mbegu ukiifunga kwenye juala inatoa jasho, inaoza," alinijibu, akinitazama kana kwamba nimemwuliza kama moto unachoma. "Nimeigeuza kila asubuhi ikauke pande zote."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, nikaishia kufoka. Nilisema mengi kuhusu masizi, kuhusu umeme, kuhusu kaka na gari lake. Mama alinisikiliza mpaka nikaishiwa na pumzi. Kisha akachukua kitambaa safi, akaketi mlangoni penye mwanga, akaniambia kwa Kiswahili chake cha kanisani, "Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini masizi hupanguswa. Nionyeshe mahali pa kupangusa."

Nilikuwa na spiriti na brashi laini kwenye begi. Yale meno ya dhahabu ya ukingoni, yanayoingia kwenye bodi, niliyasugua polepole kwa raba ya penseli. Kisha nikaigeuza laptopu, nikatoa betri, nikafungua kifuniko cha chini. Kila skrubu niliyotoa nilimpa mama, naye akaiweka kwenye ungo aliotandika kitambaa, akizipanga jinsi zilivyotoka. Vidole vilivyochambua maharagwe miaka na miaka havipotezi kitu. Nikaondoa kipoza joto cha shaba, nikachomoa kadi ya zamani, nikapangusa ile dawa ya joto iliyokauka na kupaka mpya, kiasi cha punje ya mchele. Kadi huingia ikiwa imeinama, halafu unailaza na kuifunga. Nikarudisha kila kitu mahali pake, na mama akaukung'uta ungo kuhakikisha hakuna skrubu iliyosahaulika.

Nikawasha. Feni ikavuma. Kioo cheusi.

Tukangoja. Cheusi tu, ti. Mama akafumba macho akaanza kuomba kwa sauti, akimweleza Mungu kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeweka kitu cha watu juu ya moto, na mtoto asiadhibiwe kwa hilo. Nikamwambia, "Mama, wacha," na sauti ikanitoka vibaya kwa sababu machozi yalikuwa karibu. Nilimpenda sana wakati huo, na bado nilikuwa na hasira naye. Hivyo vitu viwili hukaa pamoja bila shida.

Nikafungua tena. Kweli, katikati ya meno kulikuwa na ukoga wa masizi nilioupita kwa haraka yangu. Nikasugua upya mpaka dhahabu ikaonekana, nikaisukuma kadi kwa nguvu mpaka nikahisi imekaa. Nikawasha, na kioo kikang'aa. Ngai! Nilimkumbatia mama mpaka akalalamikia goti. Mashine ilipopata joto, harufu ya moshi wa kuni ikaanza kutoka kwenye matundu yake, tukacheka mpaka jirani akachungulia kwenye ua kuuliza kuna nini. Nikaiwekea kadi programu zake kwa bando za simu, kisha nikaingia jikoni mwa ile nyumba, nikazunguka kona zote. Haikukatika hata mara moja. Nilimshukuru Mungu, nikamshukuru muuzaji wa Nanyuki ambaye uso wake sijauona mpaka leo, nikayashukuru hata masizi kwa kuwa na huruma.

Jumapili kaka alifika na tai yake na haraka zake. Nilimketisha upande mmoja, mama katikati, nikaanzia mlangoni. Nilikuwa nimeweka jua la asubuhi liingie kwa dirisha la jikoni, na kaka akasogeza kiti karibu na kioo bila kujua. "Kumbe hiki ndicho choo," alisema. Baadaye akaulizia mabati, akaulizia mawe, akauliza mchanga utatoka wapi. Kaka yangu akianza kuulizia mchanga, ujue ameshakubali. Moyo ukanitulia kwa upande wake.

Mama ndiye sikumwelewa. Tulipita sebuleni, tukapita kwenye kile chumba cha kulala chenye dirisha linalotazama viazi vyake, naye alitazama tu, mikono mapajani.

"Mama, unaionaje?" nikamwuliza.

Alisimama, akashika fimbo yake, akaingia chumbani kwake polepole. Kaka alinitazama, nami nikamtazama. Nilidhani nimemuumiza, kwamba tumemwonyesha ndoto wakati yeye alishalizika tumaini la kubaki.

Alirudi akiburuta mfuko mkubwa wa nailoni, ule wa mistari, umejaa pomoni na kufungwa kwa kamba ya katani. Sikuwa nimeuona. Alikuwa ameupanga peke yake, kimya kimya, kwa ajili ya Embu. Aliufikisha miguuni mwa kaka, akaketi, akapumua.

"Nifungulie hii kamba," akamwambia mwanawe. "Niliikaza sana, na vidole vinaniuma. Blanketi langu liko chini kabisa, na leo nitalala hapa."

Kaka akapiga magoti sakafuni na tai yake, akaanza kufungua.