Sambusa Ndani ya Sanda

Jamani, mkiniona kwenye harusi naisukuma sahani ya sambusa kwa jirani, msidhani najidai nimeshiba. Ni aibu tu, aibu ya miaka mingi ambayo watu wa Kwedizinga wote wanaijua, na leo naisema mwenyewe kwa sababu nimechoka kuisikia ikisimuliwa na watu ambao hata hawakuwepo, wengine wanadiriki kusema eti nilikula sanda (sanda inalikaje, hebu niambieni). Sikula sanda. Nilichofanya ni kibaya zaidi.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, mkonge umetanda kila upande mpaka macho yanachoka, na mimi ni mtoto wa manamba. Baba yangu aliletwa kutoka bara kuja kukata mkonge, akafia kambini upande wa Kwamndolwa, nikabaki hapahapa sina ukoo wala shamba. Nilipokwenda kuposa kwa Mzee Mhina, Mzigua wa Kwedizinga, ndugu zake walimwambia mbele yangu kwamba binti haozeshwi kwa mtu ambaye hata makaburi ya kwao hayajulikani yalipo, na aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa mdogo wake, huyo ambaye mke wangu Zaina anamwita baba mdogo. Mzee akawajibu, "Basi makaburi yake yatakuwa haya ya kwetu," akanipa Zaina, akanikatia na kipande cha shamba la mahindi. Baadaye alipougua na kujua kwamba hatapona, aliwaambia watu waziwazi kwamba siku yake ikifika, watakaoshuka kaburini kumpokea ni mwanawe Omari na mimi. Ninyi mnajua, kaburini hashuki mtu baki. Nililia siku ile kwa furaha, nikajificha nyuma ya ghala nisionekane.

Akafariki alfajiri, msimu wa jua kali. Duka la pale kijijini bafta nyeupe ilikuwa imekwisha, imebaki kaniki nyeusi, na nani atamzika Mwislamu kwa kaniki? Baba mdogo akaanza kutafuta kijana wa kumtuma Korogwe, Omari akamkatiza akasema, "Shemeji atakwenda." Mwalimu wa madrasa akanikabidhi baiskeli yake, akanishika bega. "Nenda, mwanangu, tuletee sanda. Joto hili si la kumweka maiti, nataka tumzike kabla ya magharibi."

Sasa lazima niwaeleze habari ya njaa, si kwa kujitetea, ila mjue ilivyokuwa. Kwetu moto hauwashwi kwenye nyumba ya msiba mpaka maiti azikwe, watu wanashinda na maji, na siku zile mbili za mwisho za mzee tulikuwa tunakesha naye, chakula tunakionja tu, kwa hiyo nilipofika Korogwe na baiskeli ile (njia yenyewe mchanga, unasukuma zaidi ya unavyopanda) tumbo lilikuwa linanguruma mpaka nikaona haya. Lakini bafta niliinunua kwanza, hilo mnikubalie, duka la Mhindi karibu na stesheni, akanipimia, akaikunja vizuri, akaifunga kwenye karatasi ngumu. Jua lilikuwa bado upande wa asubuhi. Ningepanda baiskeli dakika ile, leo nisingekuwa na la kuwasimulia.

Jirani na duka lile palikuwa na hoteli ya Mhindi mwingine, wale wasiokula nyama, na harufu ya bizari ikitoka pale inakuja moja kwa moja puani. Mimi na Omari tulipokuwa vibarua wa mkonge, kila Jumamosi tulikuwa tunabishana juu ya sambusa za Korogwe. Omari alishika za Mwarabu, mimi nilishika za Msomali wa kule njia panda, na za Mhindi huyu hakuna aliyewahi kuzionja kwa sababu Mwafrika alikuwa haingii ndani, ananunulia dirisha la nyuma pale wanapomwaga maji machafu, na sisi tulikuwa na kiburi chetu. Siku ile kiburi sikukiona kilipokwenda. Nikazunguka nyuma, nikanunua moja, nikaila nimesimama kwenye matope. Viazi na njegere, tangawizi kidogo, ukoko mnene. Tamu! Nikasema moyoni, hapana, siwezi kuamua kwa kuonja moja tu, lazima nilinganishe (yaani maiti ananingoja, mimi nalinganisha).

Nikaenda kwa Mwarabu. Manda nyembamba, nyama ya mbuzi, kitunguu kingi na ndimu, nikakaa kwenye benchi na kahawa juu. Nikatoka hapo nikaenda kwa Msomali, nyama ya ng'ombe yenye hiliki na pilipili inayokutoa machozi, na kwa kuwa macho yalishakuwa mekundu kwa kukesha, mwenye hoteli akanipa pole, akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia ndiyo, nimefiwa na baba. Akaniongezea moja ya bure. Nikaila na hiyo.

Hapo ndipo nikamkumbuka Omari na njaa yake, nikaona vibaya mimi nishibe yeye asote. Basi nikarudi kote kule, nikamchukulia za kila mahali, za moto zinatiririka mafuta, nikazifunga kwenye gazeti. Lakini utaingiaje msibani na furushi la chakula kwenye kerea ya baiskeli, mbele ya watu waliofunga midomo tangu alfajiri? Mfukoni zingenichafua kanzu. Nikafikiri, nikafikiri, na akili yangu yote ikanipeleka kwenye ile bafta: nikafungua karatasi, nikaliingiza gazeti katikati ya mikunjo, nikaifunga tena kama ilivyokuwa. Mpango wangu ulikuwa nishuke kwenye kichaka cha mwisho kabla ya kijiji, nizitoe, nizifiche, nimwite Omari jioni baada ya mazishi. Niliona nimefanya la maana sana.

Njiani nikaikanyaga baiskeli kama mwendawazimu, maana sasa jua lilikuwa limeshapinda na ile kahawa ya Mwarabu ndiyo iliyokula wakati. Nafika kile kichaka, nakuta wanaume wamesimama wananingoja, Omari mbele yao, wameshasali alasiri, maiti ameshaoshwa, hakuna kinachongojwa isipokuwa mimi. Hata sijashuka vizuri wakafungua kamba ya kerea, wakakimbia na furushi. Nikapiga kelele, "Ngojeni kidogo! Jamani, ngojeni!" Mmoja akanishika mkono akaniambia, "Jikaze, shemeji, kazi ya Mungu," akidhani ni uchungu.

Walikuwa wametandika jamvi uani ili mwalimu aipime bafta na kuikata. Nilifika naye anaishika ncha, anaikunjua mbele ya wanaume wote, na gazeti likapasuka, na sambusa zikaanguka kwenye jamvi, zikabiringika, moja ikaenda ikasimama kwenye miguu ya baba mdogo. Bafta yenyewe ilikuwa imelowa. Mafuta ya manjano yamepenya mkunjo hadi mkunjo, ukiikunjua unaliona doa lilelile, linarudi, linarudi, mpaka mwisho wa kitambaa.

"Nini hiki?" mwalimu akauliza.

"Sambusa, mwalimu," nikajibu (kama vile alikuwa hazijui).

Hakuna aliyecheka. Nilitamani wacheke. Baba mdogo akaniangalia kwa utulivu, akasema, "Tumemtuma sanda, ametuletea kitafunio. Niliwaambia mimi." Na hapo, wenzangu, nilipaswa kunyamaza, lakini hofu ilinishika nikafungua mdomo nikasema, "Ni za Omari."

Omari akageuka. Mpaka leo ule uso nauona. "Za kwangu? Baba yangu amelala mle ndani, mimi nikuagize sambusa?"

Nikaanza kueleza kwamba hakuniagiza, kwamba nilimwonea huruma, kwamba ule ubishi wetu wa kambini, na kila nilivyoeleza nilizidi kuzama. Kuku walikuwa wameshafika kwenye jamvi, mmoja akadonoa ya Msomali, akarudi nyuma anasugua mdomo chini kwa pilipili, na kuna mtu nyuma aliyetaka kucheka akakohoa.

Mwalimu alisema kisheria si najisi, inafulika. "Lakini tuifue saa ngapi na ikauke saa ngapi?" Akalitazama jua. Watu wakainamisha vichwa. Nilijitolea kurudi Korogwe, na kwa kweli lilikuwa neno la kipumbavu.

Ndipo Zaina akatoka ndani kwa mama yake, amebeba kitambaa cheupe kilichokunjwa kwa miaka, kinanukia karafuu. Kila mtu alikijua. Ilikuwa sanda ya mama mkwe wangu, aliyojiwekea mwenyewe sandukuni kwa siku yake. Zaina akampa mwalimu kwa mikono miwili. "Mama anasema, baba azikwe." Alipita karibu yangu bila kuniangalia, mke wangu wa ndoa.

Makaburini nilikwenda nyuma ya watu. Kaburi lilipokuwa tayari nikavua viatu, nikasogea, maana mzee alikuwa ameshasema. Baba mdogo akanyoosha mkono kifuani pangu. "Wewe kaa." Nilimtazama Omari anitetee. Akampa mkono jirani mmoja, wakashuka pamoja. Mimi nikatupa udongo wangu pamoja na wapita njia, nikaondoka. Nililia, lakini nadhani watu waliamini ni pilipili.

Mavuno yaliyofuata nikanunua bafta nyingine, nzuri kuliko ile, nikampa Zaina ampelekee mama yake. Mimi kwa adabu ya mkwe nikabaki nje ukutani, ila mlango ulikuwa wazi kidogo, nikaona. Mama mkwe aliipokea, akashukuru. Kisha akaikunjua yote kitandani, akaiinamia, akainusa, mkunjo kwa mkunjo, taratibu, mpaka pindo la mwisho. Halafu akaikunja, akaitia sandukuni, akafunga. Angenitukana ningepona.

Tangu siku ile nimeapa, nami sijavunja: nikitumwa kitu cha msiba, nakwenda na njaa yangu na kurudi nayo, na njia nzima nakishika mikononi, watu wakione.