Alama Nne za Mkaa

Juzi nilisoma tangazo la kima cha chini cha mshahara kwenye ukuta wa ofisi moja Muleba, nikasikia tena harufu ya buni mbichi kwenye shati la tata, baba yangu, kibarua wa shamba la Mzungu. Kila jioni karani alimtilia alama kwenye kadi yake ya kazi, kipande. Zikitimia thelathini ndipo angelipwa, nasi turudi kwetu Kashozi. Siku za mvua hazikuhesabiwa, na mvua ilinyesha wiki nzima. Mimi nilidhani alama ni alama tu. Tata aliposinzia mchana, nikazijaza nne zilizobaki kwa mkaa.

“Tata, amka! Tumemaliza, twende kwetu!”

Alikitazama kipande. “Nani amekufundisha kuhesabu?” aliuliza taratibu.

Kesho yake karani alikichana mbele yetu, akampa kingine kisicho na alama hata moja.