Rangi Nyekundu Juu ya Bumula

Niliajiriwa kuchimba. Nilikuwa nimemaliza diploma ya kilimo na kukaa nyumbani hadi watu wakaacha kuniuliza kazi itapatikana lini. Mradi ulipofika Kitale kutafuta vijana wa kukusanya udongo, nilikwenda na cheti changu ndani ya bahasha ya kaki. Tuliambiwa tunatengeneza ramani ya udongo wa Afrika nzima, ramani ya kompyuta, ambayo mtu angeweza kubonyeza popote barani akaona ardhi ya hapo ina rutuba gani na inakosa nini. Niliamini. Mpaka leo sioni aibu kwamba niliamini, maana wazo lenyewe lilikuwa zuri.

Mahali pa kuchimba hatukuchagua sisi. Kompyuta ilitawanya alama juu ya nchi kama mtu anayewarushia kuku mahindi, na kazi yetu ilikuwa kufuata GPS mpaka tusimame juu ya kila alama. Moja ilituangusha kwenye choo cha shule huko Malakisi. Nyingine iliangukia Bumula, katika shamba la shangazi yangu, dada ya baba, hatua chache kutoka kaburi la mume wake.

Shangazi alitoka jikoni akipangusa mikono kwa leso.

"Hapo hapana," alisema. "Mnataka kumwamsha?"

Mkubwa wa mradi, msomi wa udongo aliyekuwa ameandamana nasi siku hiyo, alimwomba radhi na kumwambia tunaweza kusogea. Alikuwa mtu wa maneno matamu, hilo sitamnyima. Tukasogea hadi kwenye mahindi. Yalikuwa yamefika magotini, na majani yake yalikuwa na zambarau pembeni kama jicho lililopigwa ngumi. Nikazungusha chuma cha kutoboa ardhi, nikauchanganya udongo ndani ya ndoo, nikajaza mfuko.

"Sasa hii mnapeleka wapi?" shangazi akauliza.

"Maabara, mama," mkubwa akajibu. "Mwingine utapimwa hapa Kenya, mwingine utaenda ng'ambo."

"Ati udongo wangu unaenda Uraya, na mimi hata Nairobi sijafika!" Akacheka, kisha akayageukia mahindi. "Lakini mkijua hii shamba inaugua nini, si mtaniambia? Kila mwaka naweka mbolea, na kila mwaka inarudi nyuma."

"Tutarudi na majibu," mkubwa akasema, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

Hakurudi. Msimu ulipita, mvua ndefu ikaja tena, na kila nilipokwenda Bumula swali lilinipokea kabla ya salamu: "Udongo wangu umefika wapi?" Ofisini Kitale niliambiwa bado kazi inaendelea, nisiwe na haraka. Shangazi hakuweza kuiambia mvua isiwe na haraka. Akapanda kwa DAP, mbolea ile ile ambayo kila mtu hupandia, na mahindi yakatoka zambarau vile vile. Akaniambia labda mbolea ya safari hii ilikuwa feki. Kanisani wakamwombea yeye na shamba lake.

Kisha tukaitwa hotelini Kitale, ramani izinduliwe. Kulikuwa na chai, mandazi, maafisa wenye suti na wageni wenye kamera. Hakukuwa na mkulima hata mmoja tuliyemchimbia. Mkubwa alionyesha ukutani bara zima, likipendeza kama kitenge, kisha akalisogeza karibu, karibu zaidi, mpaka nikaiona nchi yetu, nikauona Mlima Elgon, nikaiona Kitale yenye mabaka ya rangi ya chungwa. Chini yake, Bumula ilikuwa nyekundu tupu.

Alieleza nyekundu ni nini. Ni udongo uliojaa asidi, ambao hukamata mbolea na kuinyima mimea, na majani yakageuka zambarau kwa njaa. Akaongeza kwamba DAP, ikiwekwa hapo mwaka baada ya mwaka, huzidisha asidi hiyo. Dawa yake ni chokaa ya shambani. Alisema hayo kwa sauti ya mtu anayesoma habari za hali ya hewa ya nchi ya mbali. Watu wakapiga makofi.

Kando yangu alikaa mama mmoja wa maabara. Aliniinamia akasema, "Kwani ndiyo wanatangaza leo? Hii si tulimaliza kupima kabla watu wapande mwaka huu?"

Nikainua mkono.

"Daktari, kama haya yalijulikana kabla ya kupanda, mbona wenye mashamba hawakuambiwa?"

"Swali zuri," alisema, akitabasamu kwa ajili ya wageni. "Ramani itakuwa kwenye intaneti. Mkulima yeyote, popote Afrika, ataifungua bure."

"Wengi wana simu za mulika mwizi, zisizo na intaneti. Wataifungua na tochi?"

Watu wachache wakacheka. Yeye hakucheka. Alisema kazi ya kuwafikia wakulima ni ya wizara, si ya mradi. Afisa wa wizara alikuwa pale pale mbele, na ndipo akaanza kutafuta kitu mfukoni mwake.

Baada ya mkutano nilimfuata mkubwa mlangoni. Nilimwomba majibu ya mashamba niliyochimba mimi mwenyewe, niyapeleke kwa miguu yangu.

"Haiwezekani, dada," alisema. "Hizo ni taarifa za watu binafsi. Lazima tulinde siri za wakulima."

"Umfiche shangazi yangu hali ya shamba lake, ili umlindie siri yake mwenyewe?"

"Wewe ni wa kuchimba. Haya mengine tuachie sisi."

Mkataba wangu ulipokwisha hawakuniita tena, na sikuuliza kwa nini.

Nilikwenda saiba moja, duka la intaneti, mjini Bungoma, nikaifungua ramani yao. Ilishuka polepole kama maji ya mfereji siku ya ukame. Shamba la shangazi lilikuwa ndani ya mraba mmoja mwekundu pamoja na majirani zake wote, kanisa na soko. Hiyo ndiyo siri waliyokuwa wakiilinda!

Nilimweleza shangazi tukiwa tumekaa kwenye ngazi ya nyumba yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akichambua maharagwe.

"Kwa hivyo nilikuwa naitilia sumu," alisema.

"Hukujua, shangazi."

"Mimi sikujua. Wao je?" Akasukuma ungo kando. "Wao walijua, wakaniacha nipande!"

Asubuhi iliyofuata tulikwenda Chwele kutafuta chokaa. Duka la kwanza la pembejeo walituuliza tunapaka ukuta rangi gani. La pili hawakuwa wamewahi kuisikia. Mbolea ilikuwepo, imepangwa mpaka darini, DAP tele. Shangazi alisimama katikati ya duka akawaambia waliokuwepo, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuongoza kwaya, mambo yote niliyomweleza. Mwenye duka alimsihi atoke nje. Alitoka, akaendelea kusema nje.

Kina mama wa kikundi chake cha kanisa ndio waliohangaika mpaka lori likaleta chokaa kutoka upande wa Koru. Tuliitawanya kwa mikono, leso zimefunga pua, nyuso zimekuwa nyeupe kama za watoto waliotahiriwa wakapakwa udongo mweupe. Msimu huo mahindi yake yaliota kijani. Hayakuwa ya ajabu, udongo uliochoka hauponi kwa mwaka mmoja, lakini yalikuwa kijani, na alinipigia simu kuniambia hivyo tu, akakata kuokoa salio.

Ningependa kusema hasira yangu iliishia hapo. Ng'ambo ya kijito, katika mraba ule ule mwekundu, aliishi mzee aliyeamini shamba lake limerogwa. Alimshuku ndugu yake wa tumbo moja, wakaacha kusalimiana, na wakati ule tulipokuwa tukiambiwa tusiwe na haraka, aliliuza akahamia kwa binti yake Kitale. Nilimpata huko akiwa amekaa nje ya chumba cha kupanga, nikamweleza habari ya asidi na chokaa. Aliniuliza kama ndugu yake ameshaambiwa. Nikasema bado, yeye ndiye niliyeanza naye.

"Basi nipeleke kwake," alisema, akaanza kutafuta viatu vyake.