Muhogo wa Pembeni mwa Shamba

Mwaka jana, mchana kweupe, niliamini nimewaua watoto wawili yatima kwa mkono wangu mwenyewe.

Msinicheke. Hadi leo nikiona muhogo mbichi nageuza njia.

Naitwa Nassib, afisa ustawi wa jamii, mtu wa Muheza. Nilipangiwa Serengeti, na kule Ringwani nilikuwa nasaidia kikundi cha wakulima wanaolima shamba la mihogo kulisha yatima wa kijiji. Mwenyekiti wao ni Bibi Wegesa, mama asiyependa maneno mengi.

Siku hiyo nikawakuta shambani Happy, miaka tisa, na mdogo wake Mseti. Wana njaa, wametulia tu. Bibi alikuwa upande wa pili anapalilia.

Kwetu muhogo tunautafuna mbichi, na nazi juu. Nikajifanya mjuaji. Nikang'oa shina la pembeni ili nisikanyage ya katikati, nikamenya.

"Kuleni wanangu. Si shamba lenu hili?"

Happy akapokea kwa mikono miwili. "Asante, afisa."

Nikatangulia kula ili wasione aibu. Ulikuwa na uchungu fulani hivi, lakini ningetemaje mbele ya watoto? Nikameza wote, mtoto wa kiume. Wao wakaondoka na vipande vyao.

Baada ya kama saa moja nikamsimulia Bibi Wegesa, nasubiri sifa.

Jembe likamponyoka.

"Umeng'oa wapi?"

"Hapo pembeni, Bibi."

"Yesu wangu! Hiyo ya pembeni ni sumu! Tunaizungushia shamba ili nyani akionja arudi porini. Hata sisi hatuili mpaka tuiloweke, tuianike, ndiyo tusage. Mitamu iko katikati!"

Aisee! Na watoto wameshaondoka na vipande vyao.

Tukakimbia. Nyumbani kwao, hawapo. Kisimani, hawapo. Naita "Happy!" sauti inatoka nusu. Naona majeneza mawili madogo. Naona kijiji kizima kinanijia na mapanga. Naona mama yangu Muheza anapigiwa simu.

Jasho linanitoka, kichwa kinazunguka, magoti hayana kazi. Nikajiambia ni woga tu, kimbia Nassib.

Tukawakuta nyuma ya kanisa wanacheza rede. Wazima kabisa!

Nikamshika Happy mabega. "Muhogo mmekula?"

Akainamisha kichwa. "Tuliutupa, afisa. Ule tunaujua."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Mkubwa akikupa kitu unapokea. Huwezi kumkatalia mgeni." Akanitazama. "Tena wewe uliumaliza wote. Tukajua umeuzoea."

Bibi Wegesa akanigeukia. "Nassib. Na wewe ulikula?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Muda wote nalilia watoto, kumbe anayekufa ni mimi!

Nikatapika palepale. Wakaniweka mshkaki kwenye bodaboda, dereva mbele, Bibi nyuma amenikumbatia, anasali kwa sauti na kunigombeza kwa zamu. Zahanati nilitoka kesho yake jioni.

Ndugu yangu, ukienda kumsaidia mkulima, muulize kwanza yeye anajua nini. Kuuliza si ujinga.

Na mtoto ukimfundisha adabu, mfundishe pia kumwambia mkubwa, "Hapo umekosea." Adabu ya Happy nusura inizike.