Mishale Iliyoishia Mezani kwa Mkurugenzi

Siku yangu ya kwanza kazini Gisenyi, mwishoni mwa miaka ya tisini, nilikabidhiwa kalamu ya wino mzito na karatasi za gundi, nikaambiwa nizipe kompyuta namba. Ofisi ilikuwa ya wakala wa forodha, karibu na mpaka wa Goma. Nilikuwa nimerudi na wazazi kutoka Tanzania, na Kiswahili changu kiliwachekesha wenzangu kwa jinsi nilivyokinyoosha. Mkurugenzi, mtu mzima aliyerudi kutoka Kongo, alinitazama toka juu hadi chini.

"Bon. Mademoiselle, we ndiye fundi?"

"Ndiye mimi, mzee."

"Uhesabu mashini yote. Na kama uko na dawa ya uvivu, unipatie na hiyo."

Hilo la uvivu halikuwa mzaha. Kila aliposafiri kwenda Kigali, hati za forodha hazikutoka, malori yakalala mpakani, na wenye mali wakapiga simu kwa hasira. Kila aliporudi, kazi ilianza kabla hajavua koti. Kwake jibu lilikuwa wazi: paka akiondoka, panya hutawala. Lawama zote zilimwangukia Mama Zawadi, mchapaji wa hati, aliyesomesha watoto wake kule Nyamyumba kwa mshahara huo. Mkurugenzi alikwisha kumwambia mbele ya ofisi nzima: "Nikienda tena Kigali na nikute makaratasi haijatoka, utaenda kupumuzika kwenu."

"Dada, mi silalake apa," Mama Zawadi aliniambia. "Mashini inasema haione njia. Nifanye je?"

Nikaanza na nilichofundishwa, mchoro wa nyaya. Huo unaonyesha vitu vya kushikika: waya unatoka kompyuta gani, unapita wapi, unaingia tundu lipi la kile kisanduku kinachoziunganisha zote, tulichokiita habu. Nilitambaa chini ya meza hadi sketi ikawa nyeusi kwa vumbi. Mchoro ulipendeza, lakini haukunisaidia kitu. Kila waya ulikuwa mahali pake.

Nyaya huonyesha ujirani tu, na ujirani si kutegemeana. Watu wa mpakani mnalijua hilo: unaweza kuishi ukuta kwa ukuta na mtu ambaye hata chumvi humwombi, na anayekulisha akawa ng'ambo, Goma. Kwa hiyo nikachora mchoro wa pili, usio na nyaya, wenye mishale: nani anamwomba nani nini. Kompyuta ya Mama Zawadi inachukua wapi mafaili yake? Printa inapokea amri kutoka kwa nani? Nilifuata swali baada ya swali, na mishale yote ikaishia mezani kwa Mkurugenzi.

Mafundi waliofunga mitambo walikuwa wameleta kompyuta moja kubwa, seva, yaani ile inayotunza mafaili ya wote na kuzihudumia nyingine. Seva haitakiwi kuzimwa. Lakini kitu kikubwa kitakaaje nje ya chumba cha mkubwa? Kwa heshima wakamwekea mezani. Naye, mtu asiyependa umeme upotee bure, kila akisafiri aliizima, akafunga mlango na kuondoka na ufunguo.

Sasa nikaogopa. Mkubwa haambiwi waziwazi kwamba tatizo ni yeye, na nikinyamaza Mama Zawadi anafukuzwa. Nikampelekea mchoro bila neno. Aliifuata mishale kwa kidole, akatabasamu.

"Donc, bote banategemea mi."

"Wote, mzee."

"Na nikienda Kigali?"

Kidole chake kilibaki palepale kwenye karatasi. Akaitazama ile mashine, kisha ufunguo wake.

"Ayiwe! Mi ndiye nilikuwa nabazima."

Wengine wangeichana karatasi. Yeye alitoka, akaenda hadi kwa Mama Zawadi, mbele ya walewale waliosikia vitisho vyake. "Mama, unisamehe. Haikukuwa we, ilikuwa mi." Mama Zawadi alilia, na mimi nikampenda yule mzee tangu siku hiyo.

Tulipoibeba seva kuipeleka chumba cha pembeni, alisimama akiitazama meza tupu. "Sasa ikitoka apa," akauliza, "mi nitakuwa nani?" Mimi na Mama Zawadi tulicheka hadi kicheko kikasikika barabarani.

Baadaye nilihamishiwa Kigali, chini ya Mkuu wa Mitambo ambaye hakukubali mashine iwashwe kabla haijachorwa mara mbili, kwa nyaya na kwa mishale. Mwishowe nikawa mimi mkuu. Ninyi vijana mna programu zinazochora zenyewe, na sizionei wivu. Lakini bado kuna swali mtakaloliuliza kwa mdomo wenu: hii ikizimwa, nani ataumia?

Nilipokaribia kustaafu nilijichora mwenyewe. Mishale ilinijia mingi mno: nywila nilizozijua peke yangu, mitambo ambayo hakuna aliyethubutu kuigusa bila mimi. Nikaihamishia kwa vijana, mmoja mmoja, mpaka siku ya kuagwa hapakuwa na hata mshale uliobaki kwangu. Ndivyo kazi inavyopaswa kuachwa. Asubuhi iliyofuata niliweka simu karibu na chai, nikangoja. Haikulia. Nikamkumbuka Mkurugenzi amesimama mbele ya meza yake tupu, na safari hii sikucheka.